Nyumba ya Daktari Mudd na Misako ya Maryland

Kusini mwa jimbo la Maryland nchini Marekani, katika Kaunti ya Charles, yaani mojawapo ya wilaya za jimbo hilo, ipo nyumba ya mbao ya ghorofa moja ambayo tangu mwaka 1983 imekuwa makumbusho, na ambayo umaarufu wake wote umetokana na saa chache za siku moja. Mwenye nyumba hiyo, Daktari Samuel Alexander Mudd, ndiye aliyemfunga banzi mguuni John Wilkes Booth, mwigizaji wa tamthilia mwenye umri wa miaka 26, alfajiri ya tarehe 15 Aprili 1865, wakati Booth alipokuwa akikimbia kutoka Washington baada ya kumpiga risasi Rais Abraham Lincoln. Msako uliofuata ulidumu siku 12, ukawatoa askari kwa maelfu, ukatangaziwa zawadi ya jumla ya dola 100,000, na hadi leo ndio unaowavuta wageni kusafiri mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka mji mkuu ili kuona sebule, ngazi na chumba cha juu ambamo mtoro huyo alilala. Hata hivyo, kabla ya kuwa kituo katika safari ya Booth, nyumba hiyo ilikuwa makao ya shamba la tumbaku lililolimwa na watumwa, na katika nchi ile kumsaka binadamu misituni lilikuwa jambo lililozoeleka vizazi vingi kabla ya Lincoln kuuawa. Mgeni asiyelielewa shamba hataielewa nyumba, na huenda akatoka humo akiwa ameijua hadithi ya daktari peke yake.

Mfumo wa mashamba makubwa ya Kusini mwa Marekani ulitegemea zao moja la biashara lililolimwa na watu weusi waliohesabiwa kisheria kuwa mali, hata wakaweza kuuzwa, kurithishwa, kukodishwa na kuwekwa rehani. Picha iliyoenea ya mfumo huo ni ya majimbo ya pamba, kama Alabama na Mississippi, ambayo pamba yake ililisha viwanda vya Massachusetts vilivyofuma merikani, kitambaa kilichouzwa Unguja na kubebwa na misafara ya wapagazi hadi bara. Maryland ilikuwa Kusini ya namna nyingine, iliyo ya kale zaidi na yenye mashamba madogo zaidi, na zao lake kuu tangu karne ya 17 lilikuwa tumbaku. Tumbaku haimpi mkulima nafasi ya kupumzika: mbegu husiwa vitaluni majira ya baridi yakielekea ukingoni, miche huhamishiwa shambani hali ya hewa ikipata joto, kisha kila mmea hutaka kupaliliwa, kukatwa kilele ili majani yake yanenepe, na kutolewa viwavi mmoja mmoja kwa vidole. Mavuno yakifika, mashina hukatwa na kuning'inizwa katika mabanda marefu ya mbao yaliyoachwa mianya ya kupitisha hewa, na majani yakishakauka huchambuliwa na kushindiliwa katika mapipa makubwa tayari kusafirishwa. Kazi hiyo yote ilifanywa na watu ambao hawakulipwa, na kwa mujibu wa sensa ya mwaka 1860 watumwa walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi wote wa Kaunti ya Charles.

Samuel Mudd alizaliwa katika mazingira hayo mwaka 1833, mtoto wa mmoja wa wenye mashamba na watumwa wengi katika eneo la Bryantown. Alisomeshwa katika Chuo cha Georgetown, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Maryland mjini Baltimore mwaka 1856, akamwoa Sarah Frances Dyer mwaka uliofuata, na baba yake akampatia shamba la ekari 218 ambalo ndilo lililozunguka nyumba inayozungumzwa hapa. Katika sensa ya mwaka 1860 aliandikwa kuwa mmiliki wa watumwa 5. Idadi hiyo si kubwa ikilinganishwa na ya baba yake, lakini inatosha kuonyesha kwamba kipato chake hakikutoka katika mkoba wa dawa pekee, na kwamba vita vilipoanza mwaka 1861 kati ya serikali ya Muungano na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, alikuwa na mali ya kutetea. Majirani zake walikuwa na msimamo kama wake: katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1860, Lincoln alipata kura 6 tu katika kaunti nzima.

Msimamo wa Maryland wakati wa vita ulikuwa na ukinzani ndani yake. Jimbo hilo halikujitenga na Muungano, ingawa lilikuwa jimbo la utumwa, na kwa hiyo Tangazo la Ukombozi alilolitoa Lincoln tarehe 1 Januari 1863, ambalo liliyahusu maeneo yaliyoasi tu, halikumgusa mtumwa hata mmoja wa Kaunti ya Charles. Uhuru wa watu hao uliletwa na katiba mpya ya jimbo iliyoanza kutumika tarehe 1 Novemba 1864, baada ya kupitishwa kwa tofauti ya kura 375 pekee, tena kwa sababu kura za askari waliokuwa kambini zilihesabiwa. Hivyo basi, Booth alipofika kwa Mudd, watu waliokuwa wakimfanyia daktari kazi mashambani na jikoni walikuwa na miezi mitano na nusu tu ya uhuru, na baadhi ya waliomilikiwa naye walikuwa wamekwisha kuondoka bila kungoja hisani yake.

Booth naye hakuwa mgeni wa bahati mbaya katika nchi hiyo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1864, akiwa mfuasi mkereketwa wa Kusini, alikuwa akipanga kumteka nyara Lincoln na kumpeleka Richmond, makao makuu ya majimbo yaliyojitenga, ili abadilishwe na mateka wa kivita wa Kusini, na njia aliyokusudia kuifuata kutoka Washington hadi kuvuka mto Potomac upande wa kusini ilipita katika mashamba ya tumbaku ya Kaunti ya Charles, ambako wajumbe wa siri wa Kusini walikuwa wamezoea kupita. Mwezi Novemba mwaka huo alikutanishwa na Mudd katika Kanisa Katoliki la Mtakatifu Maria, Bryantown, akalala nyumbani kwake usiku mmoja, na akanunua farasi kwa jirani wa daktari. Tarehe 23 Desemba wawili hao walionana tena mjini Washington, safari hii akiwepo John Surratt, tarishi wa siri wa Kusini. Mpango wa kuteka nyara ulishindikana, jeshi kuu la Kusini likasalimu amri tarehe 9 Aprili 1865, na Booth akageukia mauaji.

Matukio ya usiku wa Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili, yanajulikana sana, kwa hiyo yatatajwa kwa ufupi. Booth alimpiga Lincoln risasi ya kisogoni katika ukumbi wa maonyesho wa Ford, akarukia jukwaani, na kwa maelezo yanayokubaliwa na wengi akavunjika mfupa wa mguu wa kushoto alipotua. Akatoka kwa mlango wa nyuma, akapanda farasi na kuvuka daraja la mto Anacostia baada ya askari wa zamu kumruhusu. Nje ya mji aliungana na kijana aitwaye David Herold, aliyezijua vizuri njia za mashambani, na karibu na saa sita za usiku wakasimama katika mkahawa wa familia ya Surratt, katika kijiji ambacho sasa kinaitwa Clinton, wakachukua bunduki fupi na darubini vilivyokuwa vimehifadhiwa hapo. Lincoln alikata roho asubuhi, saa 1 na dakika 22. Wakati huo muuaji wake alikuwa tayari amelala ghorofani katika nyumba ya Mudd.

Mgeni wa leo huingizwa kwanza sebuleni, ambako huonyeshwa kochi ambalo Booth alilazwa ili mguu wake uchunguzwe. Mudd alilichana buti la mguu uliovimba kwa sababu halikuweza kuvuliwa, akaufunga mguu kwa banzi la kubahatisha, kisha yeye na mzee mmoja Mwingereza aliyefanya kazi shambani wakachonga magongo kutokana na ubao. Chumba cha juu ndimo wageni wengi hukaa kwa muda mrefu zaidi: ni chumba cha kawaida, chenye vitanda na dirisha linalotazama mashamba, na pengine ukawaida huo ndio unaowashangaza watu waliotarajia kuona kitu cha kutisha. Humo Booth alilala sehemu kubwa ya siku, akaomba wembe na kunyoa masharubu yake. Mchana Mudd na Herold walitoka kutafuta gari la farasi la kumbebea mgonjwa bila kulipata. Herold akarudi, Mudd akaendelea hadi Bryantown, ambako askari wapanda farasi walikuwa wamekwisha kufika na habari za mauaji zilikuwa midomoni mwa watu. Jioni watoro wakaondoka kuelekea kinamasi cha Zekiah, wakiacha buti lililochanwa chumbani.

Swali ambalo makumbusho hayo huliuliza, na ambalo limeandikiwa vitabu vingi kupita kiasi, ni kama daktari alimtambua mgonjwa wake. Mudd mwenyewe alieleza kwamba watu hao walijitambulisha kwa majina ya uongo, kwamba mgonjwa alijifunika uso na kuvaa ndevu za bandia, na kwamba tangu Novemba hakuwahi kumwona Booth tena. Maelezo hayo ya mwisho hayakuwa ya kweli, kwa maana mkutano wa Desemba mjini Washington ulithibitishwa na ushahidi na baadaye hakuukana. Habari za wageni hao alimweleza binamu yake Jumapili ya Pasaka ili azifikishe kwa wakuu wa jeshi, wakati watoro walikuwa tayari mbali. Na buti lenye maandishi ya jina la J. Wilkes kwa ndani halikutolewa hadi Ijumaa, tarehe 21 Aprili, wapelelezi waliporudi kuipekua nyumba. Mwaka 1977 yalipatikana maelezo ya mshirika mwingine wa njama, George Atzerodt, aliyoyatoa kabla ya kunyongwa na yaliyokuwa yamehifadhiwa katika karatasi za wakili wake, akisema kwamba Booth alikuwa ametanguliza vinywaji na chakula kwa Mudd majuma mawili kabla ya mauaji. Ni vigumu kuyasoma hayo yote na bado kumwona Mudd kama mganga wa kijiji aliyegutushwa usingizini na mgonjwa asiyemjua. Kwa upande mwingine, hakuna ushahidi wa kuaminika unaoonyesha kwamba alijua Lincoln angeuawa. Uwezekano mkubwa ni kwamba alikuwa sehemu ya njama ya kuteka nyara, na kwamba mauaji yalimfikia kama habari ya kustusha, akachagua kumficha mtu aliyemjua.

Lakini swali hilo, pamoja na uzito wake, linahusu dhamiri ya mtu mmoja. Maisha ya nyumba yenyewe yanaonekana vizuri zaidi katika ushahidi wa watu waliomfanyia kazi Mudd, na ushahidi huo ulipatikana kutokana na jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Chini ya sheria za Maryland za wakati ule, mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hakuruhusiwa kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mtu mweupe. Washtakiwa wa njama ya kumuua Lincoln, hata hivyo, hawakushtakiwa Maryland, wala mbele ya mahakama ya kiraia. Walipelekwa Washington mbele ya tume ya kijeshi, yaani baraza la maofisa 9 wa jeshi lililopewa mamlaka ya kusikiliza kesi na kutoa hukumu, na tume hiyo iliwaapisha mashahidi weusi kama ilivyowaapisha weupe. Kwa njia hiyo watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa mali ya Daktari Mudd walisimama, mwezi Mei 1865, wakaeleza mbele yake mambo waliyoyaona nyumbani kwake.

Mary Simms alisimulia kwamba wakati wa vita watu wa Kusini walikuwa wakijificha msituni karibu na nyumba, wakipelekewa chakula na watumishi, na kwamba yeye aliondoka kwa daktari mara baada ya utumwa kukomeshwa, kwa sababu alikuwa amechapwa. Ndugu yake Milo Simms alitoa maelezo yanayofanana na hayo. Elzee Eglent alieleza kwamba mwaka 1863 Mudd alimpiga risasi ya mguu, na kwamba alitishiwa kupelekwa Richmond kuijengea Kusini ngome; mwaka huohuo akatoroka. Melvina Washington na Rachel Spencer nao walisikilizwa. Wakili wa Mudd, Jenerali Thomas Ewing, aliwaleta majirani weupe kusema kwamba Mary Simms hakuwa mtu wa kuaminika, na akawaleta pia wafanyakazi weusi waliosema kwamba daktari aliwatendea vyema, na kwa zaidi ya miaka 100 waandishi wengi waliomhurumia Mudd walitosheka na majibu hayo. Risasi aliyopigwa Eglent, ambayo ilihusu mguu wa mtu mwingine katika shamba lilelile, haikupewa nafasi katika masimulizi ya daktari mwenye huruma aliyefunga mguu uliovunjika.

Hapo ndipo msako wa Booth unapopata sura nyingine. Gazeti la kaunti hiyo, lililoitwa Port Tobacco Times, lilikuwa limechapisha kwa miaka mingi matangazo ya zawadi kwa yeyote atakayemkamata mtumwa aliyetoroka, yakieleza urefu wa mtu, rangi ya ngozi, makovu na nguo alizovaa. Kinamasi cha Zekiah, pamoja na misitu iliyokizunguka, kilifahamika kwa watu waliolazimika kujificha muda mrefu kabla ya Booth kukihitaji, na mwaka 1830 Josiah Henson, aliyezaliwa utumwani karibu na Port Tobacco katika kaunti hiyohiyo, alikuwa amekimbilia Kanada pamoja na mke na watoto wake, baada ya kuhamishiwa Kentucky na bwana wake. Katika majuma yaliyofuata mauaji ya Lincoln, matangazo ya zawadi yalibandikwa kila mahali yakimsaka mtu mweupe, na miongoni mwa askari waliotumwa kuchakura vinamasi vya kusini mwa Maryland walikuwemo wanaume wa Kikosi cha 22 cha Askari Weusi wa Muungano. Wakulima waliokuwa na watumwa, ambao walikuwa wamezoea kusaka, walijikuta wakipekuliwa mabanda na vyumba vyao na watu ambao zamani wangeweza kuwasaka.

Msafiri anayetaka kuifuata njia ya Booth kutoka kwa Mudd atafika Rich Hill, karibu na Bel Alton, nyumba ya karne ya 18 iliyokuwa ya mwenye shamba tajiri aitwaye Samuel Cox. Watoro walipotea njia gizani, wakamshawishi Oswell Swann, mkulima huru asiye mweupe, awaongoze hadi hapo kwa malipo. Swann alieleza baadaye kwamba wageni wake waliingia ndani na kukaa saa kadhaa. Mary Swann, mtumishi wa Cox ambaye alikuwa mtumwa wake, alisema kwamba bwana wake aliwafukuza mlangoni, na kauli hiyo ndiyo iliyomwepusha Cox na mashtaka. Ni jambo la kutafakari kwamba uhai wa mtu huyo, aliyetuhumiwa mwaka 1861 kumpiga hadi kufa mtumwa aliyekimbilia kwa askari wa Muungano, ulining'inia kwenye neno la mwanamke ambaye sheria ya jimbo isingemruhusu kulisema dhidi yake. Ukweli ni kwamba Cox aliwaficha watu hao katika kichaka cha misonobari, ambako Thomas Jones, ndugu yake wa kulelewa na mtu maskini, aliwapelekea chakula na magazeti kwa siku kadhaa bila kuitamani zawadi iliyotangazwa, kisha akawapa mashua ya kuvukia mto Potomac.

Upande wa pili wa mto, katika jimbo la Virginia, safari ilikuwa fupi na ya fedheha. Daktari mwingine, Richard Stuart, aliwapa chakula lakini akakataa kuwalaza, na Booth akaishia katika kibanda cha William Lucas, mtu mweusi huru, akamtishia kwa kisu na kumlazimisha yeye na familia yake kulala nje. Alfajiri ya tarehe 26 Aprili askari wapanda farasi wa New York waliwazingira watoro katika banda la kukaushia tumbaku la familia ya Garrett, karibu na Port Royal. Herold akajisalimisha, banda likatiwa moto, na Sajenti Boston Corbett akampiga Booth risasi ya shingo kupitia mwanya wa mbao. Alikufa baada ya saa chache barazani mwa nyumba ya Garrett. Nyumba hiyo haipo tena. Mahali ilipokuwa pana miti tu, katikati ya njia mbili za barabara kuu namba 301, na magari hupita pande zote mbili bila kusimama.

Tume ya kijeshi ilihukumu wanne wanyongwe, na hukumu ikatekelezwa tarehe 7 Julai 1865, akiwemo Mary Surratt, mwanamke wa kwanza kunyongwa na serikali ya shirikisho ya Marekani. Mudd aliepuka kitanzi kwa kura moja, akafungwa maisha katika Ngome ya Jefferson, gereza la matofali lililojengwa kwenye kisiwa kidogo cha Ghuba ya Meksiko, magharibi mwa Key West. Miezi michache baada ya kufika alijaribu kutoroka kwa kujificha ndani ya meli, na katika barua zake alitaja kuwa sababu moja ilikuwa kuwekwa chini ya ulinzi wa askari weusi waliokuwa wamepangiwa zamu ngomeni. Mwaka 1867 homa ya manjano, ugonjwa unaoenezwa na mbu ingawa wakati ule hakuna aliyelijua hilo, iliishambulia ngome na kumuua daktari wa jeshi. Mudd akachukua nafasi yake, akawauguza wagonjwa kwa bidii na yeye mwenyewe akaugua, na askari walionusurika wakaandika ombi la kutaka aachiwe. Sifa hiyo haiwezi kunyimwa mtu aliyeistahili. Rais Andrew Johnson alitia saini msamaha wake tarehe 8 Februari 1869, na mwezi Machi Mudd akarudi nyumbani kwake, kwenye shamba lililochakaa. Miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa ndani ya nyumba leo ni samani alizozitengeneza kwa mikono yake akiwa kifungoni. Alikufa kwa kichomi mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 49, na kuzikwa katika kanisa lilelile la Bryantown ambako alikutana na Booth.

Ukoo wake haukukubali hukumu ile. Mjukuu wake, Dk. Richard Mudd, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 101, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kudai kwamba tume ya kijeshi haikuwa na mamlaka ya kumhukumu raia wakati mahakama za kiraia zilikuwa wazi, hoja ambayo Mahakama Kuu ya Marekani iliipa nguvu katika kesi nyingine mwaka 1866. Marais Jimmy Carter na Ronald Reagan walimwandikia barua za kumwonea huruma bila kuwa na uwezo wa kuifuta hukumu, na mwaka 2002 mahakama ya rufaa ilikataa shauri la familia kwa msingi wa kisheria, si kwa kuamua nani alisema kweli. Kabla ya hapo, filamu ya John Ford ya mwaka 1936, iitwayo The Prisoner of Shark Island, ilikuwa imemfanya Mudd shujaa aliyeonewa mbele ya watazamaji ambao hawakuwahi kusikia jina la Elzee Eglent. Hoja ya familia kuhusu mahakama za kijeshi ina nguvu, na yeyote anayeishi katika nchi iliyowahi kuona raia wakihukumiwa na wanajeshi ataielewa mara moja. Wakati huohuo haiwezi kusahauliwa kwamba mahakama ya kawaida ya Maryland ingewafunga midomo mashahidi wote weusi.

Makumbusho yanaendeshwa na jumuiya iliyoanzishwa kwa juhudi za wajukuu wa daktari, waongozaji wengi ni watu wa kujitolea, na ni kawaida kwamba nyumba iliyookolewa na familia isimulie habari za familia. Hilo halipaswi kumfanya mgeni aje na masikio ya upande mmoja. Kaunti ya Charles ya sasa ina wakazi weusi wengi kuliko weupe, na baadhi yao ni wazao wa watu waliochuma viwavi vya tumbaku katika mashamba yaleyale. Historia ya eneo hilo ni yao pia. Anayekwenda aulize wafanyakazi walilala wapi, jiko lilikuwa la nani, na Frank Washington, mlimaji aliyewapokea farasi wa watoro asubuhi ile, aliishi wapi. Nyumba hufungwa majira ya baridi, kwa hiyo ni vyema kuhakikisha tarehe kabla ya kusafiri. Na kwa kuwa kumbukumbu za kesi zilizoandikwa kwa hati mkato na kutolewa na Benn Pitman mwaka 1865 husomeka bila malipo kwenye intaneti, msomaji aanze na kurasa za ushahidi wa Mary Simms na Elzee Eglent kabla ya kukata tiketi.